Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kanuni za Kuandika Ripoti za Visa vya Wagonjwa Zenye Mapitio ya Maandiko

Tarehe 5 Juni 1981, jarida la kila wiki la CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, lilichapisha habari za vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia ya Pneumocystis. Nimonia hiyo ilijulikana kuwashika watu ambao kinga yao ya mwili imeporomoka, na vijana hawa hawakuwa na sababu yoyote iliyofahamika ya kuwa katika hali hiyo. Hapakuwa na jaribio la dawa wala kundi la kulinganisha. Palikuwa na wagonjwa watano walioelezwa kwa makini, na maelezo mafupi ya wahariri waliojua yaliyokwisha kuandikwa kuhusu ugonjwa huo. Ndivyo UKIMWI ulivyoingia katika maandishi ya kitabibu. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1961, William McBride, daktari wa Australia, aliandikia jarida la The Lancet barua fupi akiwauliza madaktari wenzake kama nao wanaona watoto wanaozaliwa na kasoro za viungo baada ya mama zao kutumia dawa ya thalidomide wakati wa ujauzito.

Maandishi hayo mawili yalipata nguvu kwa sababu mwandishi alimweleza mgonjwa kwa usahihi, kisha akajua amweke wapi kati ya wagonjwa wengine wanaojulikana. Ripoti ya kisa yenye mapitio ya maandiko inafanya kazi zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana ni ngumu kuiandika vizuri. Nyingi zina kisa kizuri kilichofuatiwa na aya kadhaa za vitabuni kuhusu ugonjwa, na mwandishi anaziita mapitio. Mwongozo huu ni kwa idara, jarida, chuo au chama cha kitaaluma kinachotaka kuweka kanuni zake za kuwasaidia waandishi kutoka hapo. Msimamo wangu tangu mwanzo ni huu: kanuni isiyoweza kukaguliwa na mtu mwingine aliyeshika maandishi mkononi haifai kuwamo. Hatua zote zinazofuata zinaegemea hapo.

Hatua ya 1: Amua kanuni ni za nani na za maandishi ya aina gani

Kabla ya kuandika kipengele hata kimoja, jibu maswali mawili. La kwanza, nani atazitumia? Daktari aliye mafunzoni anayeandika kwa mara ya kwanza anahitaji maelezo na mifano. Mhariri wa jarida anahitaji orodha hakiki ya ukurasa mmoja atakayoimaliza haraka. Hayo ni mahitaji tofauti, na ukijaribu kuyatimiza kwa waraka mmoja utaishia na waraka mrefu ambao mhariri hausomi na mfupi mno kwa mwanafunzi. Njia nzuri ni kutoa nyaraka mbili zenye vipengele vilevile na namba zilezile: orodha hakiki, na kitabu cha maelezo.

La pili, ni maandishi ya aina gani hasa? Weka mipaka kwa maneno yasiyobishaniwa. Kisa cha mgonjwa mmoja pamoja na mapitio ni kitu kimoja; mfululizo wa visa vya wagonjwa wengi wa hospitali moja ni kitu kingine; mapitio ya kimfumo ya visa vilivyochapishwa, yasiyo na mgonjwa mpya, ni kitu cha tatu. Kanuni zinazojaribu kubeba vyote vitatu huwa hazina meno popote. Chagua kimoja, na kwa vingine mwelekeze msomaji kwenye miongozo yake.

Hatua ya 2: Kagua miongozo iliyopo kabla ya kuanzisha mingine

Kazi kubwa imekwisha kufanywa, na kuirudia ni kupoteza nguvu za watu. Mahali pa kuanzia ni EQUATOR, mtandao wa kimataifa unaokusanya miongozo ya kuripoti tafiti za afya. Kwa visa vya wagonjwa, mwongozo mama ni CARE, uliochapishwa mwaka 2013 na kuongezewa maelezo marefu mwaka 2017. Orodha yake ina mada 13: kichwa cha habari, maneno muhimu, ikisiri, utangulizi, taarifa za mgonjwa, yaliyoonekana alipochunguzwa, mfuatano wa matukio kwa tarehe, vipimo na utambuzi wa ugonjwa, matibabu, ufuatiliaji na matokeo, mjadala, mtazamo wa mgonjwa mwenyewe, na ridhaa. Kwa visa vya upasuaji upo SCARE, uliotoka mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2018, 2020 na 2023. Kwa mapitio ya kimfumo upo PRISMA, ambao toleo lake la 2020 lina vipengele 27 na mchoro unaoonyesha idadi ya makala yaliyopatikana, yaliyoachwa na yaliyobaki.

Soma hiyo miongozo ukiwa na kalamu, na utaona pengo lilipo. CARE inamtaka mwandishi ajadili maandiko yanayohusika, lakini haimwambii kwa undani namna ya kuyatafuta wala kuyachambua. PRISMA inaeleza utafutaji kwa kina, lakini ilikusudiwa hasa mapitio ya tafiti zinazopima matokeo ya matibabu, ambako kila utafiti una wagonjwa wengi na takwimu zilizokwisha kujumlishwa. Mwandishi wa kisa chenye mapitio ana mgonjwa wake mmoja, na pengine ripoti 30 za watu wengine zenye mgonjwa mmoja mmoja kila moja. Pengo hilo ndilo kanuni zako zije kuliziba. Yaliyo nje ya pengo yachukue kutoka kwenye miongozo iliyopo, kwa kuitaja waziwazi.

Usiache pia zana za kupima ubora wa ripoti. JBI, taasisi inayoshughulikia ushahidi wa kitafiti katika afya, ina orodha ya maswali 8 kwa ripoti ya kisa kimoja, na mwaka 2018 Murad na wenzake walitoa zana inayopima mambo manne: namna mgonjwa alivyochaguliwa, namna taarifa zilivyothibitishwa, uhusiano wa sababu na matokeo, na ukamilifu wa maelezo. Kuhusu utaratibu wenyewe wa kuandaa mwongozo, Moher na wenzake walichapisha mwaka 2010 orodha ya hatua 18. Haina haja ya kufuatwa yote na idara ndogo, ila isomwe yote.

Hatua ya 3: Chunguza ripoti zilizopo zinakwama wapi

Hatua hii wengi huiruka, wakaenda moja kwa moja kwenye mkutano. Matokeo yake ni kanuni zinazotokana na kumbukumbu za wakubwa wa idara badala ya makosa halisi ya waandishi.

Kusanya ripoti 20 hadi 30 za visa vyenye mapitio zilizochapishwa miaka ya karibuni katika fani unayoilenga. Wape wasomaji wawili, kila mmoja asome peke yake bila kuona alama za mwenzake. Watumie orodha ya CARE pamoja na maswali machache ya mapitio: Je, hifadhidata zilizotafutwa, yaani mikusanyo ya makala mtandaoni, zimetajwa? Je, tarehe ya utafutaji imeandikwa? Je, lipo jedwali la visa vilivyotangulia? Je, mwandishi anapodai "hiki ni kisa cha kwanza" ameonyesha alivyotafuta? Baada ya hapo walinganishe. Utakuwa na orodha ya mambo yanayosahaulika mara kwa mara, na orodha hiyo ndiyo itakayokuambia wapi pa kuweka uzito.

Ongea pia na watu. Muulize mhariri ni maswali gani anayalazimika kuwarudishia waandishi kila mara. Muulize daktari kijana alikwama wapi. Mara nyingi anakwama kwenye utafutaji wa maandiko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Hatua ya 4: Unda kikundi

Kikundi kidogo cha watu watano hadi wanane kinatosha kuandika, na kundi kubwa zaidi litakuja kupiga kura baadaye. Katika kikundi hicho wawepo madaktari wanaoandika visa, mhariri, muuguzi au mfamasia, mtu wa maadili ya utafiti, na mkutubi wa afya. Huyo wa mwisho simtaji kwa heshima tu. Mkutubi aliyezoea hifadhidata za kitabibu anajua kwa nini utafutaji mmoja unaleta makala 12 na mwingine juu ya ugonjwa uleule unaleta 140, na hakuna mtu mwingine mezani anayeweza kukueleza hilo vizuri.

Mwalike pia mgonjwa, au mtu anayewawakilisha wagonjwa. Mada ya 12 ya CARE inahusu mtazamo wa mgonjwa, na mtu ambaye habari zake zinaweza siku moja kuwa ndizo zilizochapishwa atauliza maswali ambayo madaktari hawayaulizi: picha hii itaonekana na nani, na nikibadilisha nia itakuwaje? Kila mjumbe aandike maslahi yake yanayoweza kugongana na kazi hii, na muweke mapema vigezo vya nani atahesabiwa kuwa mwandishi. Vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vinatosha.

Hatua ya 5: Andika rasimu ya vipengele

Hapa ndipo kazi ilipo. Anza na kanuni ya lugha: kila kipengele kianze na kitenzi, kitaje jambo moja, na kiweze kujibiwa "ipo, ukurasa wa ngapi" au "haipo". Chukua mfano wa kipengele hiki: "Eleza historia ya mgonjwa kwa ukamilifu." Hakuna atakayesema hajaifanya, na hakuna atakayeweza kumpinga. Sasa kiandike hivi: "Taja kila dawa aliyotumia mgonjwa kabla ya dalili kuanza, zikiwemo za asili na za kununua bila cheti, pamoja na dozi, siku aliyoanza na siku aliyoacha." Mhakiki akiona dawa haina tarehe, anajua pa kugusa.

*Sehemu ya kisa.* Chukua mada za CARE, kisha ongeza makali pale ukaguzi wako wa hatua ya 3 ulipoonyesha udhaifu. Kwa kawaida ni sehemu tatu. Mfuatano wa matukio uwe jedwali au mchoro, na siku zihesabiwe kuanzia tukio moja lililotajwa, kwa mfano siku ya 0 iwe siku ya dozi ya kwanza. Hilo linamsaidia msomaji kuona nini kilitangulia nini, na linaondoa tarehe halisi zinazoweza kumtambulisha mgonjwa. Vipimo viandikwe na viwango vya kawaida vya maabara iliyovipima, kwa kuwa viwango hivyo havifanani kila mahali. Na magonjwa mengine yaliyofikiriwa yatajwe pamoja na sababu ya kila moja kuondolewa. Ripoti inayotoka kwenye dalili na kurukia jibu sahihi haimfundishi mtu namna ya kufikiri.

*Ridhaa na usiri.* Kipengele hiki kisiwe mstari wa mwisho wa "ridhaa ilipatikana". Ridhaa ya matibabu au ya upasuaji si ridhaa ya kuchapishwa. Kanuni zako zitake fomu ya pekee inayomweleza mgonjwa kwamba habari zake zitasomwa mtandaoni na mtu yeyote, kwamba jina halitatajwa lakini usiri kamili hauwezi kuahidiwa, na kwamba anaweza kujitoa hadi siku fulani kabla ya kuchapishwa bila huduma yake kuathirika. Zieleze nani anatoa ridhaa kwa ajili ya mtoto au kwa aliyefariki. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye, hata kama mzazi amesaini.

Kuhusu picha, ICMJE imesema wazi kwamba kuziba macho hakutoshi kumficha mtu. Tatoo, kovu, pete au mandhari ya chumba vinaweza kumtambulisha. Weka kipengele kinachomtaka mwandishi akague kona za kila picha ya eksirei, CT na ultrasaundi, kwa sababu mashine nyingi huandika jina na namba ya mgonjwa palepale kwenye picha, na taarifa nyingine hufichwa ndani ya faili lenyewe. Na mwandishi asibadilishe umri au jinsia ya mgonjwa ili kumficha. Jambo lisilohitajika liachwe; likibadilishwa, msomaji atakayekusanya visa miaka kumi baadaye atakuwa anahesabu uongo.

*Swali la mapitio.* Kila mapitio yaanze na swali lililozaliwa na kisa chenyewe. Tuseme mgonjwa alipata manjano baada ya kuanza dawa fulani. "Tulipitia maandiko kuhusu madhara ya dawa hiyo" si swali. Swali ni hili: wagonjwa wengine waliopata manjano kwa dawa hii walianza kuumwa baada ya siku ngapi, ini lao lilirudi katika hali ya kawaida baada ya muda gani tangu kuacha dawa, na je, yupo aliyerudishiwa dawa hiyo? Ukiwa na swali la namna hiyo, unajua utafute nini, uchukue taarifa gani kutoka kila ripoti, na ukome wapi. Kanuni itake swali hilo liandikwe kwa sentensi moja mwishoni mwa utangulizi.

*Utafutaji.* Kanuni zitake mambo haya yaandikwe: majina ya hifadhidata, zisipungue mbili, maneno kamili ya utafutaji kama yalivyoandikwa kwenye kisanduku, tarehe ya utafutaji, lugha zilizokubaliwa, na kama orodha za marejeo za makala yaliyopatikana zilikaguliwa pia. MEDLINE, hifadhidata kubwa ya makala ya tiba, ina lebo ya pekee ya ripoti za visa, na inavutia kuitumia kama kichujio, ila waandishi waonywe wasiitegemee peke yake. Visa vingi vimejificha ndani ya mfululizo wa visa, barua kwa mhariri na ikisiri za mikutano, ambako lebo hiyo inaweza isiwepo. Watafute pia kwa majina ya zamani ya ugonjwa, maana ugonjwa uliobadilishwa jina huwa na maandiko yake ya awali chini ya jina lililoachwa.

Dai la "kisa cha kwanza" lipewe kipengele chake. Liruhusiwe pale tu mwandishi anapoandika alipotafuta, lini, na kwa maneno gani, na liandikwe kwa mipaka: "Katika utafutaji tulioueleza, hatukupata kisa kingine." Mhakiki anaweza kuanza kuisoma ripoti kwa kulijaribu dai hilo, na likianguka, imani katika mengine yote huanguka nalo.

*Uchaguzi na visa vilivyorudiwa.* Vigezo vya kujumuisha na kuacha viwekwe kabla ya kuanza kusoma. Kisha lipo jambo linalosahaulika: mgonjwa mmoja anaweza kuwa ameripotiwa mara mbili. Idara ya ngozi imeandika kuhusu vipele vyake, idara ya figo ikaandika kuhusu figo zake, na baadaye mgonjwa huyohuyo akaingizwa katika mfululizo wa visa vya hospitali. Kwa aliye mbali hao ni wagonjwa watatu. Kipengele kitake mwandishi alinganishe umri, jinsia, hospitali, mwaka na majina ya waandishi wa kila kisa, na aseme ni visa vingapi aliviunganisha au kuviondoa.

*Jedwali la visa, na maana ya ukimya.* Kama ningeruhusiwa kipengele kimoja tu katika sehemu yote ya mapitio, ningechagua hiki. Kila kisa kilichokusanywa kiingie kwenye jedwali, mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja, na safu zake za wima zitokane na swali la mapitio. Katika kila kisanduku mwandishi achague moja kati ya matatu: "ndiyo", "hapana", au "haikuripotiwa". Asiache wazi, na asigeuze "haikuripotiwa" kuwa "hapana".

Tazama inavyokwenda. Tuseme umekusanya visa 40 na unataka kujua wangapi walikuwa na homa. Ripoti 22 zinasema mgonjwa alikuwa na homa. Ripoti 5 zinasema hakuwa nayo. Ripoti 13 hazisemi lolote. Mwandishi anayehesabu ukimya kuwa "hapana" ataandika kwamba homa ilikuwepo kwa asilimia 55, yaani 22 kati ya 40. Anayewahesabu wale tu waliozungumziwa ataandika asilimia 81, yaani 22 kati ya 27. Daktari anayesoma namba ya kwanza anaweza kuiona homa kama dalili ya hapa na pale; anayesoma ya pili ataiona kama dalili ya karibu kila mgonjwa. Hata hiyo ya pili haiaminiki moja kwa moja, kwa kuwa huenda waandishi walinyamaza pale homa ilipokosekana. Kanuni itake zote tatu ziandikwe: walio nayo 22, wasio nayo 5, wasiotajwa 13. Msomaji ataamua akiwa na ukweli wote mbele yake.

*Mipaka ya hesabu.* Visa vinavyochapishwa vimechaguliwa kwa sababu ni vya ajabu, au kwa sababu mgonjwa alipona kwa namna ya kuvutia. Wale wa kawaida hawakuandikiwa, na hatujui ni wangapi. Kwa hiyo kanuni zikataze kutoa kiwango cha watu wanaoupata ugonjwa, kiwango cha vifo au ufanisi wa tiba kutokana na visa vilivyokusanywa. Mwandishi aandike "kati ya visa 40 vilivyochapishwa, wagonjwa 6 walifariki", wala asiandike "ugonjwa huu huua asilimia 15 ya wanaoupata". Kwa muda na umri, thamani ya katikati pamoja na ya chini kabisa na ya juu kabisa inafaa kuliko wastani, kwa kuwa mgonjwa mmoja aliyechelewa sana huuvuta wastani kwenda upande wake.

*Sababu na matokeo.* Pale ripoti inapodai kwamba dawa ilileta madhara, kanuni zitake kipimo kinachojulikana. Kipimo cha Naranjo cha mwaka 1981 kina maswali 10: alama 9 na kuendelea ni uhakika, 5 hadi 8 inaelekea sana kuwa hivyo, 1 hadi 4 inawezekana, na 0 kushuka chini ni mashaka. Mwandishi aonyeshe alama alizotoa kwa kila swali. Jumla peke yake haimwambii msomaji kitu. Pale anapodai tiba ilimponya mgonjwa, aulizwe kama ugonjwa huo huweza kupungua wenyewe, na ni tiba gani nyingine zilikuwa zikitolewa wakati uleule.

*Mjadala.* Hapa kisa na mapitio vikutane. Kipengele kimoja kitatosha: mwandishi aseme mgonjwa wake anafanana na wengine katika lipi, anatofautiana nao katika lipi, na daktari anayekutana na mgonjwa wa aina hii afanye nini tofauti, kama kipo cha kufanya. Mara nyingine jibu la uaminifu ni kwamba hakuna kinachobadilika bado. Kanuni ziruhusu jibu hilo.

Hatua ya 6: Piga kura kwa njia ya Delphi

Rasimu yako pengine ina vipengele 50, na hivyo ni vingi mno. Kuipunguza kwa mabishano ya mezani huwapa ushindi wenye vyeo na sauti kubwa. Njia ya Delphi, iliyobuniwa katika shirika la RAND la Marekani miaka ya 1950, inakwepa hilo: wajumbe hupiga kura kwa dodoso bila kujuana, wanarudishiwa majibu ya kundi zima, kisha wanapiga tena.

Tuma vipengele kwa kundi pana, kila kimoja kipewe alama 1 hadi 9, na paachwe nafasi ya maoni. Amua kabla ya kura ya kwanza makubaliano yatahesabiwaje. Kigezo kinachotumika sana ni kwamba kipengele kinaingia ikiwa angalau asilimia 70 wamekipa 7 hadi 9 na chini ya asilimia 15 wamekipa 1 hadi 3. Mizunguko miwili au mitatu inatosha. Ikizidi hapo watu huanza kuchoka na kukubali tu ili yaishe. Vilivyobaki katikati vipelekwe kwenye mkutano wa ana kwa ana au wa mtandaoni. CARE yenyewe ilipita njia inayokaribiana na hiyo: mapitio ya maandiko na mahojiano kwanza, mkutano wa makubaliano, kisha majaribio na marekebisho.

Yasome maoni kwa makini kuliko alama. Kipengele kilichopata alama ndogo huku wajumbe wengi wakiandika "sijaelewa" hakijakataliwa, kimeandikwa vibaya.

Hatua ya 7: Zijaribu kanuni kwa watu wasiozijua

Wachukue waandishi wawili au watatu ambao hawakuwa kwenye kikundi, wape kisa halisi na kanuni zako, na waache waandike bila msaada. Kaa karibu na uandike kila swali wanalouliza. Kila swali linaonyesha kipengele kinachohitaji maneno mapya. Kisha wape wakaguzi wawili ripoti zilezile, kila mmoja aweke alama peke yake, na upime wanavyokubaliana kipengele kwa kipengele, kwa kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya kubahatisha, kama mna mtu wa takwimu, au kwa asilimia ya kawaida kama hamna. Kipengele ambacho wakaguzi wawili makini wanakijibu tofauti kirudi mezani. Kikishindikana kuandikwa kwa namna inayokaguliwa, kitoke, hata kama kila mtu alikipenda kwenye kura.

Angalia pia muda. Ikiwa orodha hakiki inamchukua mhariri zaidi ya nusu saa kwa ripoti moja, hataitumia. Unganisha vipengele au uvipunguze.

Hatua ya 8: Toa maelezo, chapisha, na utunze

Kitabu cha maelezo kiwe na vitu vitatu kwa kila kipengele: kipengele chenyewe, sababu fupi ya kuwepo kwake, na mfano mzuri kutoka ripoti iliyochapishwa, kwa ruhusa pale inapohitajika. Ambatisha fomu ya ridhaa, jedwali tupu la visa lenye chaguo la "haikuripotiwa" likiwa limekwisha kuwekwa, na mchoro mtupu wa mtiririko wa makala. Mwandishi aliyepewa jedwali tayari atalijaza. Aliyeambiwa tu kwamba jedwali linahitajika ataliahirisha hadi usiku wa mwisho.

Chapisha pia namna kanuni zilivyoandaliwa: nani walikuwa kwenye kikundi, vipengele vingapi viliingia kila mzunguko, vipi viliondolewa na kwa nini, nani alilipia. Sajili kazi hiyo EQUATOR tangu inapoanza, ili wengine wanaowaza jambo hilohilo wakuone na mshirikiane.

Kila toleo lipewe namba na mwaka, na waandishi waambiwe wataje toleo walilotumia. Panga tangu sasa lini litapitiwa tena. Miaka miwili au mitatu ni muda unaofaa. Teua mtu mmoja, kwa jina, wa kupokea maoni, na awe na faili moja ambamo kila lalamiko linaandikwa chini ya namba ya kipengele linalokihusu, ili kikundi kikikutana tena kijue kianzie wapi.